Wasomaji Wauliza: Maombi ya chuo kikuu kwa watahiniwa wa S.6

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa watahiniwa wa S.6, mwaka wa mwisho wa sekondari hapa Uganda, na wazazi wao. Tumechagua nne zinazogusa mambo ambayo watu huyajua wakiwa wamechelewa.

*Niko S.6, nasoma PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) na Sub-Math, yaani hisabati kama somo dogo. Mwalimu wetu anasema pointi 17 za mtu mmoja si pointi 17 za mwingine. Ana maana gani? Na machaguo yangu niyapange vipi? — Mtahiniwa, Jinja*

Mwalimu wako yuko sahihi, na jambo hilo ni vyema kulifahamu sasa, si matokeo yakishatoka. Katika hesabu ya kawaida, A ni pointi 6, B ni 5, C ni 4, D ni 3, E ni 2 na O ni 1. GP, yaani karatasi ya maarifa ya jumla, na somo dogo hutoa pointi moja moja ukifaulu. Ndiyo maana mtu hawezi kuvuka 20. Lakini vyuo vya umma havipangi watu kwa jumla hiyo. Vinatumia uzito: kila kozi ina masomo mawili ya lazima, na pointi zake huzidishwa kwa 3. La tatu, linalohusiana na kozi, huzidishwa kwa 2. GP na somo dogo huhesabiwa mara 1.

Chukua udaktari Makerere, ambako Biolojia na Kemia ndiyo masomo ya lazima. Mwanafunzi wa kwanza ana A ya Kemia, B ya Biolojia na C ya Fizikia, na amefaulu GP na Sub-Math. Jumla ni 17. Uzito wake: 18 za Kemia, 15 za Biolojia, 8 za Fizikia na 2 za masomo madogo, yaani 43. Wa pili naye ana 17, ila A yake ni ya Fizikia na C ni ya Kemia. Anapata 15 za Biolojia, 12 za Kemia, 12 za Fizikia na 2, yaani 41. Orodha za pointi za mwisho, yaani za chini kabisa zilizoingiza mtu kwenye kozi, huandikwa hadi desimali, watu wanatenganishwa na sehemu ya kumi ya pointi, kwa hiyo pengo la 2 ni kubwa sana. Juu ya hapo huongezwa pointi kidogo za UCE, mtihani wa S.4, na msichana huongezewa 1.5 katika vyuo vya umma, utaratibu ulioanza mwaka 1990.

Kwa hiyo kabla ya kujaza lolote, chukua matokeo yako ya moku, yaani mtihani wa majaribio, piga hesabu ya uzito kwa kila kozi unayoifikiria, kisha linganisha na pointi za mwisho za miaka miwili au mitatu iliyopita. Moku za shule nyingine husahihishwa kwa ukali na nyingine kwa upole. Mwulize mwalimu za kwenu zikoje. Chaguo la kwanza liwe kozi unayoitaka kweli, hata kama iko juu kidogo. Katikati weka zinazolingana na hesabu yako. Mbili za mwisho ziwe chini ya uwezo wako, lakini ziwe kozi ambazo ukipewa utakwenda. Kosa tunaloliona mara nyingi ni fomu iliyojaa kozi zenye ushindani mmoja: udaktari, famasia, udaktari wa meno, basi. Ukikosa ya kwanza kwa pointi nyingi, huenda umezikosa zote. Na usisahau vyuo vya nje ya Kampala: Mbarara, Gulu, Busitema, Lira, Soroti, Muni, Kabale. Kozi ile ile huko mara nyingine huingiwa kwa pointi chache zaidi.

*Shikamooni. Binti yangu ana jina moja kwenye UCE na jingine kwenye kitambulisho cha taifa. Herufi mbili tu zinatofautiana. Ni tatizo? — Mama wa mtahiniwa, Arua*

Marahaba, mama. Ni tatizo, ila lina dawa mkiliwahi. Chuo kitalinganisha cheti cha UCE, matokeo ya UACE (mtihani wa S.6) na kitambulisho, na herufi moja inatosha kumsimamisha siku ya usajili. Anzeni shuleni: wakati wa usajili wa UNEB, baraza la mitihani, mwambie binti aombe kuiona karatasi ya majina ya watahiniwa na ahakiki kila herufi pamoja na mpangilio wa majina. Jina la UACE lifuate la UCE. Kisha nendeni ofisi ya wilaya ya NIRA, mamlaka ya vitambulisho, kurekebisha upande wa kitambulisho, maana huo ndio rahisi kuliko kubadilisha cheti kilichokwisha kuchapwa. Ikiwa tofauti ni ndogo, kiapo mbele ya kamishna wa viapo hueleza kwamba majina yote ni ya mtu mmoja. Fanyeni hayo likizo ya Mei, kwa kuwa foleni hazina huruma Julai na Agosti.

*Hatuna pesa za ada. Kuna njia gani? — Mzazi, Busia*

Ya kwanza ni udhamini wa serikali, unaoombwa kupitia PUJAB, bodi ya pamoja ya vyuo vya umma. Nafasi ni 4,000 kwa mwaka: 3,000 kwa pointi za kitaifa, 896 kwa mgao wa wilaya, 64 kwa wenye ulemavu na 40 kwa wanamichezo. Mgao hufuata wilaya ya asili, si wilaya ya shule. Anayesoma Wakiso ila kwao ni Busia ajaze Busia, na awe tayari kuthibitishwa.

Ya pili ni mkopo wa HESFB, bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu. Hulipia masomo, ada za uendeshaji wa chuo na utafiti, lakini hautoi chakula wala malazi, na hapo ndipo wengi hukwama. Unahusu hasa kozi za sayansi, na mwombaji anatakiwa awe amekwisha kupata nafasi chuoni na ana wadhamini. Kwa hiyo aombe pia nafasi ya kujilipia. Akingoja orodha ya serikali peke yake, anaweza kukosa vyote viwili.

*Nataka kusoma sheria, na nimeona chuo kimoja cha binafsi chenye ada nafuu. Nihakikishe nini? — Mtahiniwa, Mbale*

Mambo mawili. Angalia kwenye orodha ya NCHE, baraza la taifa la elimu ya juu, kama kozi yenyewe, si chuo tu, imeidhinishwa. Ukikuta muda wake umekwisha, usikimbie papo hapo: mwaka 2023 orodha hiyo ilishtua wengi, na NCHE ikaeleza kwamba maana yake kozi inasubiri kukaguliwa upya. Waombe chuo barua inayoonyesha ukaguzi umefikia wapi. La pili, sheria inahitaji pia kibali cha Baraza la Sheria. Bila hicho, shahada yako haitakufikisha LDC, chuo cha mafunzo ya uwakili, na bila LDC huwezi kuwa wakili.

Ukiamua Makerere, uliza chuoni kama mtihani wa kuingilia sheria, uliokuwa na tangazo lake na ada yake, hata kwa mwenye pointi 20, bado upo.