Barua kwa Mwanangu: Kihispania cha Mjukuu Wangu

Mikindani, Mtwara

Mwanangu mpenzi,

Barua yako nimeipata na swali lako nimelisoma mara mbili kabla ya kushika kalamu. Unasema mjukuu wangu, ambaye sasa ana miaka 16, anataka Kihispania kiwe mojawapo ya masomo 3 atakayoyasoma huko Manchester kwa miaka 2 kabla ya chuo kikuu, nawe unauliza kama umzuie, kwa kuwa katika ukoo wetu hakuna anayekizungumza na Kemia ingemfaa zaidi.

Mwache asome. Nina sharti moja tu, na linakuhusu wewe kuliko yeye: rudisheni Kiswahili nyumbani kwenu.

Usidhani ni uzee unaosema, au kwamba natafuta tu mjukuu wa kuzungumza naye kwenye simu, ingawa hilo nalo lipo. Unakumbuka yule daktari Mkuba aliyepanga nyumba ya jirani na kupenda mabibo kuliko sisi wenyewe? Wakati ule nilikuwa na miaka 50, nimekwisha kufundisha Kifaransa kwa muda mrefu, na nilimwomba anifundishe lugha yake jioni barazani. Kitabu changu, kilichoandikwa kwa ajili ya Waingereza, kilitumia kurasa nyingi kueleza kile wanachokiita subjuntivo, nami nilikisoma bila kuambulia kitu mpaka daktari aliponiambia, «Quiero que vengas.» Nikasikia: nataka uje. Hakusema nataka unakuja. Kitenzi cha kutaka kimekigeuza kile kinachofuata, kama vile sisi tunavyoweka -e mwishoni bila hata kufikiri. Sarufi hiyo ndiyo huwatoa jasho wanafunzi wa kiwango cha juu, na mtoto aliyezoea kusema «mwambie aningoje» ana njia ya kuiingia ambayo mwenzake wa Kiingereza hana. Lugha hizi mbili haziendi sambamba kila mahali, maana Mhispania akitilia shaka jambo hugeuza kitenzi pale ambapo sisi tungesema tu «sidhani kama atakuja», lakini mlango umekwisha kufunguka.

Hata sauti zitamsaidia. Irabu zao ni 5 kama zetu, ile ñ yao ni ny yetu, na mtu anaposema «hablo» hahitaji kutaja nafsi kando, kama sisi tunaposema nasema. Yako pia maneno ambayo atayatambua kama ndugu waliopotezana: Waarabu na Waberberi waliingia Hispania mwaka 711 na dola ya mwisho ya Kiislamu huko ilianguka mwaka 1492, ndiyo maana sukari kwao ni «azúcar», na «ojalá» yao ina jina la Mwenyezi Mungu ndani yake. Wakisema «ojalá llueva», sisi husema inshallah mvua inyeshe, na tazama, -e ile ile.

Kuna mahali Kiswahili hakitamwokoa. Wana vitenzi viwili vya kuwa, «ser» na «estar», na ukidhani tofauti yake ni ile ya «ni» na «yuko», utaanguka kama nilivyoanguka mimi. Siku moja nilimwambia daktari «soy aburrido» nikidhani nimesema kwamba nimechoshwa na kukaa bure, kumbe nimejitangaza kuwa mtu wa kuwachosha wenzake. Alicheka mpaka mama yako akatoka jikoni.

Usimdanganye binti kwamba kazi ni sarufi tu. Katika ngazi hiyo atatafsiri kwenda na kurudi, ataandika insha juu ya kitabu au filamu ya Kihispania kwa lugha hiyo hiyo, na katika mtihani wa kuzungumza atautetea utafiti wake mwenyewe kuhusu nchi au jamii ya wasema Kihispania. Hapo ndipo wengi hukwama, kwa kuwa hawana la kusema. Mimi ningemshauri achague Guinea ya Ikweta, nchi ya Afrika iliyojitawala kutoka kwa Hispania tarehe 12 Oktoba 1968 na ambayo Kihispania ni lugha yake rasmi. Kati ya nchi 20 zenye lugha hiyo rasmi, hiyo ndiyo ya Afrika peke yake, na yeye, mtoto wa lugha ya Kibantu, ana maswali ya kuwauliza Wafang na Wabubi, wenyeji wa nchi hiyo ambao nao lugha zao ni za Kibantu, maswali ambayo wenzake darasani huenda hayawajii akilini.

Kuhusu Kemia sina mengi. Kama moyo wake uko kwenye udaktari, aichukue. Masomo ni 3, na nafasi ya Kihispania bado ipo.

Jumapili baada ya alasiri nitapiga simu. Mpe yeye mwenyewe aipokee, na nikimuuliza jambo usimtafsirie. Nitamwambia sentensi 10 zinazoanza na «nataka», naye anirudishie kwa Kihispania.

Wasalaam,
Baba yako