Maswali ya Wasomaji: Fyuzi ya Plagi ya Kompyuta

SWALI: Salamu kwenu mafundi wa jarida. Nina chumba cha kuchapa na kutoa fotokopi hapa Arua. Umeme ulikatika, uliporudi kompyuta moja ikagoma kuwaka. Nilifungua plagi nikakuta fyuzi imeungua. Ilikuwa nyeusi, imeandikwa 5A. Dukani wamenipa ya kahawia ya 13A, eti hiyo haitaungua tena. Jirani ananishauri niizungushie ile ya zamani karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Na kichwa cha kebo kinachoingia nyuma ya kompyuta kimeandikwa 10A 250V. Nifuate namba ipi?

JIBU: Rudishia ya 5A, ndugu yetu, na ile ya kahawia iweke akiba kwa plagi ya pasi au birika.

Fyuzi ya plagi imewekwa kwa ajili ya kulinda waya, kwa hiyo namba ya kufuata ni ya waya. Soma maandishi yaliyochapwa kwenye ganda la kebo. Ukikuta 3G0.75, maana yake ni nyaya tatu, kila mmoja ukiwa na shaba ya milimita za mraba 0.75. Waya wa kiasi hicho hubeba ampea 6, na fyuzi yake ni ya 5A. Wa 0.5 hubeba ampea 3, wa 1.0 hubeba 10. Ile 10A uliyoisoma kwenye kichwa ni kikomo cha kichwa chenyewe, haisemi lolote kuhusu waya uliofungwa humo. Plagi nyingi zilizofungwa kiwandani huandikwa fyuzi yake usoni, karibu na miguu; ukiikuta namba hiyo, ifuate.

Kwa nini 13A ni hatari? Fyuzi haikatiki papo hapo mkondo unapovuka namba yake. Ya 13A inaweza kuvumilia ampea 20 kwa muda mrefu. Kwenye waya wa ampea 6, ganda hupata joto, likalainika, nyaya zikagusana, na moto ukaanzia nyuma ya meza, mahali ambapo duka la kuchapa hurundika karatasi. Karatasi ya fedha ni mbaya zaidi, maana hakuna ajuaye itakatika kwenye ampea ngapi. Itoe leo hii kama imeshawekwa.

Je, 3A ingetosha? Tupige hesabu. Kompyuta ya mezani yenye pawa saplai (kifaa cha ndani kinachogeuza umeme wa ukutani uifae kompyuta) ya wati 450, ikitumika hadi mwisho, huvuta kama wati 560 kwa sababu sehemu hupotea kuwa joto. Kwa volti 240 hizo ni ampea 2.3. Lakini volti zikishuka hadi 180, kama jioni mitaa mingi inavyojua, pawa saplai huvuta mkondo zaidi ili kazi iendelee: ampea 3.1. Ongeza msukumo mkubwa wa sekunde ile unapowasha, kapasita (vipande vya kuhifadhi umeme ndani ya pawa saplai) zinapojaa. Kompyuta ya ofisi kwa kawaida hutumia chini ya hapo sana, ila msukumo huo ukirudiwa kila siku huichosha fyuzi ya 3A.

Unaponunua, tafuta maandishi BS 1362, yaani kiwango cha Uingereza cha fyuzi za plagi, kwenye fyuzi yenyewe. Urefu wake ni milimita 25.4, nayo imejazwa mchanga ndani. Fyuzi nyepesi mno isiyo na maandishi iache dukani.

SWALI: Skrini na laptopu je?

JIBU: 3A, ile nyekundu. Adapta ya wati 65 haifiki hata ampea moja. Printa ya leza ni habari nyingine: ina hita ndani, basi irudishie fyuzi ya namba iliyokuja nayo na usiitumie kwa kebo nyembamba ya kompyuta.

SWALI: Nimeweka fyuzi mpya ya 5A, nayo imeungua mara tu nilipowasha. Niweke kubwa?

JIBU: La, hasha. Chomoa kebo pande zote mbili. Kwa mita iliyowekwa kwenye mlio (hulia nyaya zikiwa zimegusana), pima kati ya mguu wa moto na wa nyutro wa plagi, kisha kila mmoja na wa ethi. Kwanza weka fyuzi nzima, vinginevyo mguu wa moto utakudanganya. Mita ikilia popote, kebo imekufa, itupe. Isipolia, shoti iko kwenye pawa saplai, na mara nyingi ni matokeo ya umeme kurudi kwa kishindo. Mpe fundi, wala usiifungue mwenyewe: kapasita zake hubaki na umeme hata baada ya kuchomoa.

Kama fyuzi hukaa wiki kadhaa ndipo ikatike, fungua plagi utazame vibanio vyake. Vikilegea hupata joto, na fyuzi huungua bila kosa la kompyuta. Ukiona plastiki imebadilika rangi kuwa ya kahawia, badilisha plagi nzima. Ya kiwandani haifunguki, hivyo badilisha kebo. Tena kumbuka kwamba fyuzi haizuii volti kupanda. Umeme ukikatika, zima soketi, subiri utulie, ndipo uwashe.