Access ikiloki ofisini usikimbilie kufuta faili la laccdb, lisome kwanza

Wadau mnaotumia Access, ile programu ya databesi ya Microsoft, kwenye ofisi ndogo, hii naandika kwa ajili yenu, maana najua kuna mtu muda huu ana foleni ya watu dirishani na kompyuta inamwambia databesi imeshikwa na mtu mwingine na hajui aanzie wapi. Nimepitia hayo kwa muda mrefu, nataka mwenzangu asipite njia ileile.

Nilikuwa nahudumia SACCOS moja hapa Morogoro. Kompyuta saba, ya mhasibu ndo seva, databesi ya wanachama na mikopo imekaa kwenye folda moja ya kushea na kila mtu anaifungua hiyohiyo moja. Ikaenda vizuri miezi kadhaa, halafu ikaanza, asubuhi nyingine watu wanaingia kawaida, asubuhi nyingine hakuna anayeingia, ujumbe unasema mtumiaji Admin kwenye mashine fulani ameiweka databesi kwenye hali inayozuia isifunguliwe. Basi wote wananigeukia mimi, si wewe ndo admin? Jamani, hiyo Admin sio mtu. Access inamwita kila mtu Admin kama hamjaweka majina, na kwenye mafaili ya accdb (aina mpya ya faili la databesi ya Access) hayo mambo ya kuweka majina ya watumiaji hayapo tena kabisa, kwa hiyo hilo jina liacheni, tazameni jina la mashine.

Nilichokuwa nafanya mwanzoni ndicho wengi wanachofanya: naingia kwenye folda, naona lile faili dogo lenye jina sawa na databesi ila mwisho wake ni laccdb (zile databesi za zamani za mdb linaitwa ldb), najaribu kulifuta, Windows inakataa, naenda nazima kompyuta moja moja mpaka likubali. Siku moja nikazima ya keshia katikati ya kuingiza marejesho na databesi ikaharibika, tukarudi kwenye bakapu ya jana yake na dada wa watu akakaa mpaka usiku anaingiza upya siku nzima kutoka kwenye stakabadhi. Iliniuma sana. Tangu siku hiyo nikaamua nielewe hilo faili linafanya kazi gani kabla sijaligusa tena.

Kumbe ni daftari la mlangoni. Mtu wa kwanza akifungua databesi Access inalitengeneza, kila anayeingia anaandikwa humo, na wa mwisho akitoka linafutwa lenyewe. Kila mtu anachukua baiti 64, 32 za jina la kompyuta na 32 za jina la mtumiaji, na mwisho ni watu 255. Kwa hiyo hata ukubwa wake unakuambia kitu, ukiona baiti 192 ujue nafasi tatu zimeshachukuliwa. Lifungue kwa Notepad, kama itakubali, vinginevyo likopi pembeni ufungue kopi, utaona majina ya kompyuta yamepangana hapo. Ila angalia hapa, mtu akitoka jina lake halifutwi papo hapo, linabaki mpaka mwingine achukue nafasi yake, kwa hiyo jina kuwepo sio ushahidi kwamba yupo ndani bado. Ukitaka uhakika nenda kwenye seva, fungua Computer Management, Shared Folders, halafu Open Files, hapo unaona nani kashika faili gani sasa hivi. Na usikimbilie kumfungia kwa nguvu kutokea hapohapo, mpigie simu atoke mwenyewe, maana ukimkata akiwa anaandika ndo yale ya keshia wangu.

Sasa tatizo letu lilikuwa nini. Asubuhi moja imegoma, naingia kwenye folda nikalisome hilo daftari, halipo! Databesi iko wazi, Open Files inaonyesha kompyuta ya karani mpya wa mikopo kaishika, lakini laccdb hakuna. Hapo ndo nikaelewa. Fundi aliyemuunganisha huyu karani alimpa ruhusa ya kuandika kwenye faili la databesi peke yake, folda akaliacha kwenye kusoma tu. Access ikishindwa kutengeneza laccdb haiwezi kujua nani na nani wako ndani, kwa hiyo inamfungulia aliyetangulia peke yake na wengine wote inawazuia. Nikakumbuka kumbe siku zote databesi ilizogoma ni siku ambazo yeye ndo aliwahi kufika, na siku akichelewa alikuwa yeye ndo anakataliwa, tukawa tunamwambia kompyuta yako mbovu. Maskini, alikuwa anawahi kazini na kuwahi kwake ndo kunasimamisha ofisi.

Kwa hiyo cha kwanza kabisa kabla hujashika chochote kingine, angalia ruhusa za FOLDA, sio za faili. Kila mtumiaji awe na kusoma, kuandika, kutengeneza na kufuta, kwenye kushea na kwenye usalama wa folda lenyewe, sehemu zote mbili, maana Windows inafuata ile iliyobana zaidi. Hata mtu ambaye kazi yake ni kutazama ripoti tu mpe hizo. Meneja alinibishia sana hapa, anaogopa watu watafuta databesi, na hofu yake ina msingi, dawa yake ni bakapu ya kila siku inayokaa mahali pengine.

Cha pili ambacho kwangu ndo kikubwa kuliko vyote, acheni kufungua faili moja watu wote. Igawe databesi. Majedwali, yaani data zenyewe, yabaki kwenye faili moja huko seva, fomu na ripoti na kwiri (zile za kutafuta na kuchuja data) ziwe kwenye faili lingine ambalo kila mtu anakopi yake kwenye kompyuta yake, limeunganishwa na yale majedwali. Access yenyewe ina kifaa cha kugawa, kiko kwenye Database Tools, ni kazi ya dakika chache ukishapiga bakapu. Kabla ya hapo nilikuwa nikitaka kurekebisha fomu moja tu lazima wote watoke, maana ukianza kubadilisha fomu Access inataka databesi iwe yako peke yako, na mtu mmoja akibonyeza kwa bahati mbaya akaingia kwenye kuhariri fomu, wenzake wanaanza kupata ujumbe. Tulipogawa, malalamiko yalipungua siku hiyohiyo. Ila kila mtu kopi yake kweli, sio mnagawa halafu mnaweka faili la fomu kwenye seva na wote mnalifungua hilohilo, nimeona ofisi inafanya hivyo wakashangaa mbona hakuna nafuu.

Kuna lile lingine la rekodi kuloki, databesi inafunguka vizuri ila ukitaka kuhifadhi mwanachama inakwambia imefungwa na mwenzako. Hapo mara nyingi kuna mtu ameanza kuandika, ile alama ya penseli pembeni ya fomu imetokea, akaenda kunywa chai. Nenda Options, Client Settings, hakikisha imewekwa Shared (ya wote) na sio Exclusive (ya mtu mmoja), kwenye kufunga rekodi isiwe All Records (rekodi zote), na ile ya kufunga kwa rekodi moja moja iwe na tiki. Bila hiyo tiki Access inafunga ukurasa mzima wa kilobaiti 4, kwa hiyo unahariri mwanachama wa 114 na mwenzako wa 115 anazuiwa bila sababu ya maana, na watu wanaanza kununiana ofisini.

Wi-Fi usiitumie kwa databesi ya Access, ikikatika sekunde mbili tu jina linabaki kwenye daftari na mwenye nalo hayupo, na ndo databesi zinavyoharibika. Tumia waya wa mtandao, hata kama ni laptopu. OneDrive na Dropbox, zile za kuhifadhi mafaili mtandaoni, ndo kabisa usiweke faili la kushea humo, kila mtu atakuwa anaandika kwenye kopi yake na jioni mna databesi tatu zenye salio tofauti.

Pale SACCOS sasa hivi keshia ndo anatoka wa mwisho. Kabla hajazima anaangalia folda kama laccdb imeondoka, ikiwa bado ipo anasoma jina la kompyuta na kwenda kwenye hiyo meza kufunga Access vizuri, halafu anapiga bakapu na Ijumaa anafanya Compact and Repair, ile ya Access ya kubana na kukarabati databesi. Karani wa mikopo bado anawahi kuliko wote.