Sungura wa mtoto amekuwa mkali, na mume ananoa kisu

Shikamoo Shangazi,

Ninaishi Free Area, hapa Nakuru, na mume wangu na kijana wetu wa miaka 8. Mwezi wa Januari tulimnunulia kijana sungura mdogo mweupe sokoni. Muuzaji alisema ni dume, mtoto akamwita Simba. Alikuwa mpole, analala mapajani mwetu tukitazama taarifa ya habari. Sasa ana kama miezi 8 na hatumtambui. Nikifungua kizimba nisafishe anakoroma, analaza masikio na kunirukia kwa kucha. Juzi aliniuma kidole hadi damu ikatoka. Tukimwachilia sebuleni anatuzunguka miguuni, anasugua kidevu kwenye kila kiti, na ameshakojolea viatu vya kazi vya mume wangu mara mbili. Wiki hii ameanza kujing'oa manyoya ya kifua na kuyarundika pembeni pamoja na nyasi. Mama mkwe anasema mnyama huyo ametumwa. Nimempiga kwa slipa, akazidi. Mume amesema Simba hataiona Krismasi, ataingia kwa sufuria. Mtoto amelia mpaka amekataa chakula. Nifanye nini?

Mama Kijana, Nakuru

Marahaba, mwanangu.

Nianze na jambo ambalo muuzaji hakulijua au hakutaka kulisema: Simba wenu ni mwanamke. Kung'oa manyoya ya kifua na kuyachanganya na nyasi ni kazi ya jike anayetandika kiota. Kama tangu mumlete nyumbani hajakutana na sungura mwingine, basi hana kitu tumboni. Hiyo ni mimba ya uongo. Mwili umejidanganya, na hali hiyo huisha yenyewe baada ya siku 16 hadi 18 hivi. Usimvunjie kiota chake. Ila muulize kijana, kwa upole, kama kuna rafiki wa ploti aliyewahi kuja na sungura wake wakacheze pamoja. Watoto hawasemi mambo haya mpaka waulizwe. Akikubali, hesabu siku 31 kuanzia hiyo siku ya mchezo, na uandae nafasi ya wageni.

Kwa hiyo mama mkwe atulie, hakuna aliyemtuma. Sungura hubaleghe akiwa na miezi 4 hadi 6. Yule mliyekuwa mnampakata alikuwa mtoto. Huyu wa sasa ni msichana mzima mwenye homoni zake, na amegundua kwamba ana chumba kimoja tu duniani. Kidevu anachosugua vitini kina tezi za harufu, anaandika jina lake. Mkojo kwenye viatu ni maandishi yaleyale kwa herufi kubwa. Kuwazunguka miguuni ni mambo ya kutafuta mchumba, na kwa kuwa hakuna mwingine, ninyi ndio mlio karibu.

Ukitaka kujua jike anavyokichukulia kizimba chake, nenda Bahati au Njoro ukamuulize mfugaji yeyote anavyopandisha sungura. Atakwambia jike ndiye anayepelekwa kwa dume. Ukifanya kinyume, ukamtia dume kwenye kizimba cha jike, huenda ukamtoa amechanika masikio. Sasa kama mchumba mwenyewe hupokelewa hivyo, mkono wako na kibrashi utapokelewaje? Mwanangu, wewe unaingia chumbani kwa mtu bila hodi, unamnyang'anya matandiko, halafu akilalamika unamchapa kwa slipa.

Hiyo slipa iache kabisa. Sungura hana akili ya kusema "nilikosea, nikaadhibiwa". Anachojifunza ni kwamba mkono ule ni adui, na kesho atawahi yeye kabla hujawahi wewe. Nilikulia kwenye boma lenye sungura, na kidole gumba changu kina kovu mpaka leo kwa sababu kaka yangu alikuwa na tabia ya kuwachomoa kwa masikio, kisha mimi nikatumwa kuwalisha. Deni la kaka nililipa mimi.

Sasa hodi yenyewe inapigwaje? Macho ya sungura yako pembeni mwa kichwa. Anaona karibu pande zote, hata nyuma, lakini hapo mbele ya pua yake hapaoni. Ukimletea mkono puani, anashtukia kitu kimemfikia ghafla. Ukimshukia kutoka juu, umekuwa mwewe. Kwa hiyo chuchumaa kwanza, zungumza ili ajue ni wewe, peleka mkono kwa upande, chinichini na polepole, kisha uutulize juu ya kichwa, kati ya macho na masikio. Akilaza kichwa chini, msugue hapohapo. Akilaza masikio nyuma na kuinua mkia, amekwambia hapana, ngoja. Vaa sweta ya mikono mirefu na glavu nene kwa wiki za kwanza, ili akikurukia usitoe yowe na kuvuta mkono. Kila anapoona mkono umekimbia, anajua mbinu yake inafanya kazi.

Na usisafishe akiwa ndani. Hili peke yake litakupunguzia nusu ya vita. Fungua mlango, mwache atoke mwenyewe, usimtoe. Akishakwenda zake sebuleni, funga mlango nyuma yake, kisha safisha kwa raha zako. Usiondoe kila kitu. Bakiza nyasi kidogo zenye harufu yake, vinginevyo atarudi na kuanza kukojoa upya kujitambulisha. Chakula nacho, badala ya kumsogezea bakuli usoni, kitawanye kwenye nyasi wakati yuko nje, akirudi akitafute.

Hukuniambia kizimba kina ukubwa gani, na mtu asiposema ukubwa mara nyingi huwa ni kidogo. Simba anatakiwa aweze kuruka hatua tatu mfululizo na kusimama kwa miguu ya nyuma bila masikio kugusa paa. Kama sakafu ni waya mtupu, tazama nyayo zake za nyuma, huenda zina vidonda. Weka ubao na nyasi kavu juu yake. Mumpe pia saa kadhaa nje kila siku, asubuhi na jioni, maana ndizo saa zake za kuchangamka. Mchana anataka kulala, na mtoto anayetoka shule akamwamshe hatapendwa. Chakula chake kikubwa kiwe nyasi, boma rhodes kavu ikipatikana. Karoti ni peremende, kipande kidogo tu. Majani yake ndiyo mazuri zaidi.

Dawa inayofika kwenye mzizi ni kumfunga uzazi, yaani daktari amtoe ovari na kizazi kwa upasuaji. Kwa umri wake inawezekana, na faida si ya tabia pekee: majike wasiofungwa hupata sana saratani ya kizazi wanapozeeka. Usitarajie malaika siku ya pili, homoni huchukua wiki kadhaa kuisha mwilini. Lakini madaktari wengi wa mifugo wamezoea ng'ombe na mbwa, kwa hivyo uliza waziwazi, "Umeshawafanyia sungura wangapi?" Kisha uliza kama alale njaa kabla ya upasuaji. Akikwambia asile tangu jioni, mshukuru na utafute mwingine. Sungura hawezi kutapika, hana sababu ya kufungishwa, na tumbo lake likikaa tupu linaweza kusimama kufanya kazi. Ukikosa mtu, ulizia kitivo cha tiba ya mifugo pale Egerton, Njoro. Daktari akague pia meno na masikio. Meno ya sungura hukua maisha yote, na mwenye maumivu huuma kama mwenye kiburi. Siku akikataa kula kwa saa 12, usingoje kesho.

Usimletee dume eti atulie. Mtakuwa na watoto sita, wanane, na mama yao anaweza kushika mimba tena muda mfupi tu baada ya kuzaa.

Kidole chako kioshe vizuri kwa maji yanayotiririka na sabuni, na upite zahanati waangalie kama unahitaji sindano ya pepopunda. Mdomo wa sungura ni mdogo, lakini shimo linalotoboa huingia ndani. Kijana naye asimbebe kwa sasa. Simba akipiga teke hewani anaweza kuvunjika mgongo, na hilo mtoto hatalisahau. Akae sakafuni na kitabu chake, amwache Simba amjie.

Tumfikie mzee. Sitamwita katili, nusu ya Nakuru inafuga sungura kwa nyama na mimi mwenyewe nimeila. Ila huyu hakununuliwa kwa nyama. Alinunuliwa akapewa jina, na aliyempa jina ana miaka 8 na anasikia kila kinachosemwa mezani. Zungumza na baba yake mkiwa wawili, si mbele ya mtoto wala mbele ya mama mkwe. Mwombe miezi mitatu. Mwambie tatizo lina sababu na umeijua, na kwamba kama baada ya hapo mambo hayajabadilika, mtamtafutia Simba mfugaji mwenye nafasi na mtoto ataaga akijua anakokwenda. Kisu kisitajwe tena nyumbani humo. Nadhani atakubali. Mwanamume aliyekojolewa viatu mara mbili anataka kwanza kusikia kwamba kuna mtu anashughulikia jambo hilo.

Na viatu hivyo vioshe kwa maji na siki, harufu iishe, maana ikibaki atarudi kuikazia. Halafu viweke juu ya kabati.