Anza na katriji, bunduki ifuate: kwa anayeanza kuwinda bata maji

Wengi wanaoanza kuwinda bata maji huuliza habari ya bunduki kwanza. Ya mtutu mmoja au miwili? Ya kusukuma kwa mkono kila baada ya mlio, au nusu otomatiki inayojipakia yenyewe? Mimi huwarudisha nyuma kidogo. Utapiga ndege gani, akiwa umbali gani, na sheria ya mahali hapo inaruhusu marisau, yaani zile chembe ndogo zinazojazwa ndani ya katriji, ya madini gani? Ukishajibu hayo, bunduki itakuwa imekaribia kujichagua yenyewe.

Zamani marisau yalikuwa ya ledi, madini laini na mazito yanayopenya vizuri. Lakini katika kila mlio, chembe nyingi humkosa ndege na kuzama matopeni. Bata humeza changarawe za kusagia chakula kwenye firigisi, na hana namna ya kutofautisha changarawe na chembe ya ledi. Firigisi huisaga, sumu ikaingia kwenye damu, na ndege ambaye hakuna aliyempiga akafa polepole. Marekani ilikamilisha marufuku ya ledi kwa uwindaji wa ndege wa majini mwaka 1991. Umoja wa Ulaya, tangu Februari 2023, unakataza kuipiga na hata kuibeba kwenye ardhioevu na ndani ya mita 100 kuizunguka. Hata pale sheria iliponyamaza, usiipige juu ya maji.

Kinachobaki kwa mfuko wa kawaida ni chuma. Chuma ni chepesi: sentimita moja ya ujazo ina gramu 7.8 hivi, wakati ledi ina 11.3. Chembe nyepesi hupoteza kasi mapema na kufika kwa ndege ikiwa imechoka. Dawa yake ni kuongeza ukubwa wa chembe. Kama wazee wa kazi hii walimpiga bata kwa ledi namba 6, wewe panda ngazi mbili uchukue chuma namba 4. Namba ikipungua, chembe inakua: kwa vipimo vya Marekani namba 4 ni milimita 3.3, namba 2 ni milimita 3.8, na BB ni milimita 4.6. Uingereza namba zao ni tofauti, kwa hiyo soma milimita kwenye boksi. Ningeambiwa nichague ukubwa mmoja tu kwa bata, ningechukua namba 2. Gramu 32 zake zina chembe 140 hivi, zinazotosha kufunika shabaha na bado kila moja ina nguvu. Kwa bata bukini, mwenye mwili mkubwa na manyoya mazito, panda hadi namba 1 au BB.

Bismathi ni nzito kuliko chuma na ni laini zaidi, ndiyo sababu wenye bunduki za zamani huipenda. Tungsteni huwa nzito hata kuipita ledi. Zote mbili zina bei inayomfanya mtu afikiri mara mbili kabla ya kuvuta kifyatulio, jambo ambalo wala si baya.

Sasa bunduki. Geji ni kipimo cha upana wa mtutu; namba ikiwa ndogo, mtutu ni mpana. Geji 12 ndiyo ninayompa karibu kila anayeanza, kwa sababu chembe kubwa za chuma zinahitaji nafasi, na geji 20 hubeba chache. Angalia urefu wa chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu inayopokea katriji, ambao huandikwa ubavuni mwa mtutu: milimita 70, 76 au 89. Chemba ndefu hupokea katriji fupi. Kinyume chake ni hatari, hata kama katriji ndefu inaonekana kuingia bila shida, kwa sababu urefu unaoandikwa ni wa ganda likiwa limeshafunguka, na likikosa nafasi ya kufunguka shinikizo hupanda. Chemba ya milimita 76 inatosha kabisa. Zile za 89 zinabeba marisau mengi, ila zina teke begani linalomfundisha mgeni kufumba macho kabla ya mlio.

Usichanganye kamwe katriji za geji 20 na 12 kwenye mfuko mmoja. Ya 20 ikitumbukizwa kwenye bunduki ya 12 huteleza na kukwama ndani ya mtutu. Mtu akidhani hajaweka kitu, akaingiza ya 12 nyuma yake na kufyatua, mtutu unapasuka karibu na mkono wake. Ndiyo maana katriji za geji 20 hutengenezwa kwa rangi ya njano.

Kama bunduki ni ya kurithi, mpelekee fundi bunduki kabla ya kununua hata boksi moja la chuma. Mitutu mingi ya zamani haikutengenezwa kwa marisau magumu, na choki (sehemu ya mdomo wa mtutu inayobana marisau yasitawanyike mapema) iliyobana sana inaweza kuvimba. Hata kwenye bunduki mpya, chuma hakihitaji choki kali. Hakibonyei kinapotoka, hivyo hubaki pamoja chenyewe. Choki ya kati au iliyo wazi zaidi hufanya kazi nzuri.

Lakini usiniamini mimi, amini karatasi. Tundika karatasi pana mita 30 mbele yako, na nyuma yake pawe na udongo laini, kwa kuwa chuma hudunda kwenye jiwe na hata kwenye uso wa maji. Piga mara moja, chora duara la sentimita 76 pale matundu yaliposongamana, kisha tafuta mapengo ambayo bata angepita salama. Rudia kwa karatasi mpya mara kadhaa, maana karatasi moja hudanganya. Badilisha katriji au choki, moja kwa wakati. Bunduki mbili zilizotoka kiwanda kimoja zinaweza kupenda katriji tofauti.

Kuhusu aina, nitasema machache. Ya kusukuma huvumilia matope na ni rahisi kuifungua. Nusu otomatiki inayotumia gesi hupunguza teke lakini hudai usafi. Kinachonishughulisha zaidi ni jinsi inavyokaa begani. Vaa koti lako la kuwindia, hakikisha bunduki haina kitu, fumba macho, iinue, kisha fumbua. Jicho likikuta linatazama sawasawa juu ya mtutu, umeipata. Likitazama nyuma ya chemba au pembeni, kitako kirekebishwe.

Ukifika majini, panga bata wa bandia wa kuvutia ndege, wa mwisho awe mita 30 kutoka maficho yako. Ndege aliye mbali kuliko huyo wa mwisho, mwache apite. Beba pia katriji chache za chuma namba 6 kwa ajili ya aliyejeruhiwa: akielea majini huonekana kichwa na shingo tu, na hapo wingi wa chembe ndogo hummaliza haraka.

Jioni, kausha katriji zote zilizobaki mfukoni. Maji yakiingia, chembe za chuma hushikana kwa kutu zikawa bonge moja, na bonge hilo halifai kupita kwenye mtutu wowote. Katriji yenye kutu upande wa nyuma au ganda lililovimba, itenge.