Kitambaa cha pazia la nyuma ya jukwaa

Dada, umeuliza utumie kitambaa gani kwa pazia la nyuma ya jukwaa lako. Satini unayotumia ndiyo inayokuharibia picha: inarudisha mwanga wa taa na kila kunjo linang'aa. Kwa ukuta wako wa upana wa mita 4 na kimo cha mita 3, chukua mahameli nyeusi isiyong'aa. Ukitaka kuchora mandhari, tumia marekani (kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi), lakini ifue kwanza maana pamba hurudi, yaani hupungua ikilowa.

Ili pazia liwe na mikunjo, zidisha upana mara moja na nusu: mita 6, yaani vipande vinne vya kitambaa cha upana wa mita 1.5. Kila kipande kata mita 3.3, sentimita 15 za juu ni njia ya kupitishia bomba la kutundikia, 15 za chini ni upindo. Nunua mita 14.

Mahameli ina manyoya yanayolala upande mmoja. Pitisha kiganja ujue yanalalia wapi, weka alama ya mshale nyuma ya kila kipande, yote yaelekee chini. Kimoja kikigeuka, kitaonekana rangi tofauti, na hakuna pasi itakayokuokoa.

Cherehani ya nyumbani inatosha: sindano namba 90 au 100, uzi wa poliesta, mshono wa milimita 3. Mahameli huteleza, hivyo piga bandi (mishono mirefu ya muda) kwa mkono kwanza. Ndani ya upindo pitisha mnyororo mwembamba, pazia lisipepee.