Kitabu cha picha kuhusu mikoko: kurasa ngapi, na maneno yakae wapi?

SWALI: Ninafundisha darasa la pili huku Pangani. Nimeandika kitabu cha watoto kuhusu mikoko, kurasa 46, na karibu kila ukurasa una aya mbili. Mchoraji wangu analalamika kuwa picha hazina pa kukaa. Nipunguze kiasi gani? Na je, ni kosa kaa na miti wakizungumza?

JIBU: Mwalimu, mchoraji wako anasema kweli. Vitabu vingi vya picha huwa na kurasa 32, kwa sababu karatasi kubwa ya mtambo wa kuchapia hukunjwa ikatoa kurasa 16, na karatasi mbili kama hiyo zikatosha kitabu. Kikibanwa kwa pini, 24 au 28 pia zinafaa, mradi idadi igawanyike kwa nne. Hizo 46 zako hazigawanyiki.

Chukua karatasi nane za A4, zipange pamoja, zikunje katikati. Umepata kurasa 32. Ukurasa wa 1 uwe wa jina la kitabu, wa 2 wa hakimiliki, wa 3 wa kufungulia hadithi. Kuanzia wa 4 na wa 5 unapata jozi 14 za kurasa zinazotazamana, na ukurasa wa 32 wa kufungia. Chora picha za vijiti tu kwa penseli, andika maneno mahali pake. Hapo ndipo utakapoona aya zipi zinasema kile ambacho picha imeshakisema. Hizo zifute bila huruma. Kwa darasa la pili, sentensi mbili au tatu kwa kila jozi zinatosha.

Ila kupunguza maneno si kupunguza sayansi. Silaha yako kubwa ni kule kufunua ukurasa. Tuseme ukurasa wa kulia unaonyesha mkoko unaoning'iniza kitu kirefu cha kijani, na maneno yanauliza: "Hili ni tunda, au ni mti?" Mtoto anabahatisha, ndipo anafunua. Kumbe mbegu ya mkoko huota ingali juu ya mti mama, na mche wake hurefuka kuzidi rula ya sentimita 30. Jozi inayofuata, mche umeanguka: maji yamepwa, umechoma topeni. Nyingine: maji yamejaa, unaelea kwenda mbali. Mtoto ametazama, amekisia, amehakiki. Ningekijenga kitabu chote juu ya safari ya mche huo mmoja, hata kama itakubidi uache nusu ya mambo mazuri uliyoyakusanya.

Mpeleke mchoraji mikokoni maji yakiwa yamepwa. Katika kitabu kimoja nilichohariri, mchu, aina nyingine ya mti wa mikokoni, ulichorwa na mizizi ya kupinda kama miguu ya buibui. Hiyo ni ya mkoko. Ya mchu huchomoza topeni wima kama penseli, ikivuta hewa. Mtoto wa mvuvi aliligundua kosa hilo mara moja, nasi tulikuwa tumeshachapa. Mchoraji alambe pia jani la mchu: mti huo hutoa chumvi kupitia majani, na ladha hiyo inastahili jozi nzima.

Kuhusu kuzungumza: kaa aseme, sioni ubaya. Ninachokiogopa ni sentensi kama "mti ulijua maji yanakuja, ukaamua kujishika." Mti haujui wala hauamui, na mtoto akishaibeba sababu hiyo ya uongo, wewe mwenyewe utahangaika kuiondoa darasani. Mimi ningempa sauti mtoto anayetazama, huku kaa akibaki kaa, dume akipunga gando lake moja kubwa.

Mwambie mchoraji mapema: picha inayofika ukingoni izidi milimita 3 kila upande kwa ajili ya kisu cha kukatia kingo, na uso wa mnyama usikae kwenye mkunjo wa katikati. Kabla hajashika rangi, kisomee darasa lako kijitabu cha penseli. Wanapotaka kufunua kabla hujamaliza sentensi, usiguse kitu. Wanapogeukia dirishani, kata.